Dagaa wako wanaliwa na nani? Jibu kwa kijana wa Jambiani

Swali: "Asalaam alaykum mzee wangu. Mimi ni kijana wa Jambiani, nina ngalawa niliyorithi kwa babu, navua mshipi nje kidogo ya mwamba, maji ya pima 8 mpaka 12. Kila alfajiri nanunua kilo 2 za dagaa kuwa chambo. Nikishusha tu nasikia tu-tu-tu, nikivuta napandisha ndoana tupu. Narudi na changu watatu wanne, na vikande. Wenzangu wanarudi na mitungo. Mmoja ananiambia nitumie pweza, mwengine ngisi, na jirani yangu anashikilia kuwa chambo ni kilicho hai tu, vilivyobaki ni kujisumbua. Nishike lipi? Na hicho chambo hai kwa ngalawa kama yangu kinawezekana, au ni mambo ya wenye maboti ya watalii?"

Waalaykum salaam, mwanangu.

Jibu lako umeshaliandika mwenyewe, limo katika hiyo tu-tu-tu. Changu hagongi hivyo. Changu mzima akikipenda chambo hukibeba: unasikia mshipi umekuwa mzito kidogo, kama mtu aliyekushika kanzu kwa nyuma, kisha unaanza kwenda. Wanaogonga tu-tu-tu ni vikande na vijisamaki vya mwambani, mdomo mdogo, meno makali. Mmoja anatoboa tumbo la dagaa, mwengine ananyofoa utumbo, wa tatu anamalizia kichwa. Bandu bandu huisha gogo. Wewe huna upungufu wa chambo, unawalisha nacho watu usiowaalika.

Kwa hiyo usimtupe dagaa kwanza. Dagaa ana mafuta na ana harufu, na chini kule harufu ndiyo inayoita. Ubaya wake ni ulaini. Ukimchoma tumboni, kama nadhani unavyofanya kwa sababu ndivyo wanavyofanya wengi, tumbo linapasuka kabla chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, haijagusa mchanga. Ndoana ipitishe jichoni, kwenye mfupa, izungushe mara moja, kisha ichome ubavuni juu karibu na uti wa mgongo, ncha itokeze nje. Mkate mkia, maana dagaa mwenye mkia katika maji yanayokwenda huzunguka kama pia ya kuchezea, na changu hali kitu kinachozunguka. Halafu chukua uzi mwembamba wa kushonea, umfunge mizunguko sita saba. Hakuna haja ya fundo, uzi ukikazwa unashika wenyewe. Dagaa aliyefungwa uzi atakaa chini mara mbili tatu ya muda wa dagaa mtupu. Hilo peke yake linaweza kukubadilishia siku, na uzi ni bei ya andazi.

La pili kwa dagaa ni chumvi. Nenda nao nyumbani ukiwapata jioni, usingoje alfajiri. Chukua chumvi ya mawe, ile ya mashimo ya Pemba ni nzuri, wala usinunue ya paketi iliyosagwa laini. Panga dagaa safu moja kwenye kikapu au ndoo iliyotobolewa chini, mwaga chumvi, panga safu nyengine. Mimi hutia bakuli moja la chumvi kwa bakuli tatu za dagaa. Waache kivulini maji yatoke. Asubuhi utakuta mnofu umekaza, ngozi imeshikana, rangi bado inang'aa. Barafu inasaidia dagaa asioze, lakini kumgandisha kabisa kisha kumyeyusha kunamlainisha zaidi: maji yaliyomo mwilini yakiganda yanapasua nyama kwa ndani, akiyeyuka anakuwa kama uji. Ukikuta dagaa wa friji kwa bei ya kutupa, waache hapo hapo.

Sasa nikufunze jambo nililofunzwa na ami yangu Pemba, nami nikiwa na umri chini ya wako. Tulikuwa tukitoka Wesha kwa mtumbwi. Mzee yule hakuwa na neno "chambo kizuri" kinywani mwake. Samaki wa kwanza akipanda, yeye hamtii kapuni. Anampasua tumbo pale pale juu ya ubao, anamwaga kilichomo kwenye kiganja, anakichambua kwa kidole gumba. Siku moja nikaona vipande vya gamba la kaa, vyekundu, na vijiti vyeusi vilivyosagika ambavyo vilikuwa miiba ya urchini, yule mdudu wa bahari wa mviringo mwenye miiba. Hapakuwa na samaki hata mmoja ndani. Akanitazama, akatazama ndoo yangu ya dagaa, hakusema kitu. Akachukua kaa wawili aliowaficha chini ya gunia bichi na kuanza kuwavunja miguu.

Ndiyo kanuni yangu mpaka leo: tumbo la samaki wa kwanza ndilo linalojua. Jirani yako hajui, wala mimi niliyekaa huku sijui walichokula changu wa Jambiani asubuhi ya leo. Mfungue taya changu ukirudi, umtie kidole pembeni. Changu wengi nyuma huko wana meno mapana kama magego. Meno hayo kazi yake ni kuvunja, kaa na kombe na urchini. Samaki mwenye kinu mdomoni ukimletea kitu laini atakula akikiwahi, lakini kitu kigumu ndicho anachokitafuta. Mtazame chewa sasa: mdomo kama mlango, meno madogo yaliyolala kwa ndani. Yeye hatafuni, anafungua na kuvuta, kinachomfaa ni kitu kizima. Nguru ana wembe, anakata. Tasi hata usimpelekee nyama, yeye ni mla majani. Waulize kina mama wenye mashamba ya mwani hapo Jambiani na Paje, tangu kilimo hicho kianze mwaka 1989 tasi wamekuwa wakija kula bila kualikwa. Tasi mtegee dema, na ndani ya dema utie mwani. Na pono vivyo hivyo, ni mkwaruza mawe, ndoana yako haimhusu.

Basi kwa changu wa pima 8 mpaka 12, mimi ningemshika pweza. Wenzako hawakukudanganya.

Pweza ana mambo mawili ambayo dagaa hana. La kwanza, hatoki. Kikande atamtafuna mpaka achoke, na kipande bado kipo. La pili, ni chakula chao kweli, si mgeni. Ubaya wake unaujua: bei. Pweza wa Unguja anagombewa na mahoteli na wasafirishaji, na mtu anayemkata pweza mzima wa kilo 2 kuwa chambo cha changu hajafanya hesabu. Wewe usinunue pweza, nunua mabaki yake. Pale wanapouza au kupika kuna ncha za mikono zilizokatika, kuna vichwa, kuna mkono uliong'atwa na mkunga ambao mnunuzi ameukataa. Mzoee mtu mmoja, umwambie akuwekee. Wengi watakupa kwa maneno mazuri tu na changu mmoja wa mara moja moja.

Namna ya kumkata ina kazi yake. Chukua mkono, uutandaze ubaoni, mashimo ya kunyonyea yaangalie juu. Usiuponde. Nyumbani pweza anapondwa kwa gongo ili alainike, lakini hapa tunataka ugumu wake. Kata kwa mshazari, si kwa kwenda moja kwa moja, upate ulimi wa urefu wa kidole cha kati, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ngozi ivue nusu: upande mwembamba uwe mweupe, mnene ubaki na ngozi. Ngozi inashika ndoana, weupe unaonekana chini. Sasa choma mara moja tu, kwenye upande mnene, ndoana ipite ngozini na kutoka. Usimkunje kunje pweza mpaka ajae shingo ya ndoana, maana akiwa donge ncha inafichika na changu anakutemea. Ule ulimi mweupe uache unacheza. Ukiushusha majini kwanza hapo ubavuni mwa ngalawa, utazame. Ukiona unapepea kama utambi wa taa katika upepo, shusha. Ukiona unazunguka, kata upya.

Ngisi nitampitia haraka, kwa sababu yeye ni mtamu kwa kila samaki, na hiyo ndiyo shida. Vikande wanampenda kama changu wanavyompenda. Mchana mwambani simpeleki. Usiku ni mambo mengine, kikande usiku amelala ndani ya tundu lake, na ngisi anang'aa. Changu na kungu wa usiku kwa ngisi, hapo sina ubishi. Usitupe kichwa na matumbo yake, vichwa vile na vimikono vyake ndivyo ninavyovitia ndoanani kwanza, na mwili naupeleka jikoni.

Kamba ni wa chaa na mkundaji ndani ya ziwa, yale maji yaliyo ndani ya mwamba, kwenye mchanga na majani, maji ya kiunoni. Nje huko ni kuwapa vikande sadaka.

Kaa ndiye anayesahauliwa, nami nashangaa kwa nini, hasa kwenu ambako maji yakikauka unatembea mpaka karibu na mwamba. Namtaka yule anayeishi ndani ya kombe tupu la mwenziwe, anayehama hama na nyumba yake mgongoni. Gonga kombe kwa jiwe, taratibu, umtoe mzima. Nyuma ana tumbo laini lenye mafuta, mbele ana gamba gumu. Ndoana iingie kwenye tumbo itokee penye gamba. Umepata chambo chenye harufu ya kuita na ugumu wa kukaa, na hujalipa hata shilingi. Kaa wa kawaida, wadogo, mvunje makucha, mchome kwenye kiungo cha mguu wa nyuma, akiwa bado hai ni bora zaidi. Nakuomba jambo moja tu unapookota: kombe lenye umbo la koni, jembamba chini pana juu, lenye michoro mizuri kama kitambaa, usilishike. Ndani yake mna konokono anayechoma kwa sumu, na baadhi yao sumu yao inaua mtu. Na usipite katikati ya mashamba ya mwani ya watu ukivuta miguu na kupindua mawe. Jiwe ukiligeuza kutafuta kaa, lirudishe lilivyokuwa. Chini yake kuna kesho yako.

Hapa pana jambo ambalo vijana wengi hawaliungi pamoja. Bamvua na maji mafu si majira ya kuvua tu, ni majira ya chambo. Kwenye bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yetu yanapanda na kushuka karibu mita 4, na kupwa kwake huwa karibu na saa 4 asubuhi na tena saa 4 usiku. Mwamba wote unatoka nje. Lakini nje huko mkondo unakwenda kwa nguvu, chubwi yako inaruka, mshipi unalala, hujui kama umeshika samaki au jiwe. Maji mafu ni kinyume chake: mwamba hautoki vizuri, ila mshipi unasimama wima kama uzi wa fundi muashi. Basi bamvua iwe ya kukusanya. Okota kaa, pata vipande vya pweza, viweke chumvi. Maji mafu yakija una ndoo iliyojaa na mkondo mpole. Wenzako wanaorudi na mitungo, wachunguze, utakuta nusu ya siri yao ni hiyo. Pweza wa chumvi anakaa siku kadhaa bila ya taabu, na akilowekwa kidogo kwenye maji ya bahari anarudi kuwa laini ya kutosha. Kaa hakai, yeye tumia siku hiyo au kesho yake, umfunike gunia bichi kivulini.

Ila angalia maeneo yaliyofungwa. Kuna vijiji vimekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi, pweza akue, Kisiwa Panza huko Pemba ni mfano. Na kuna hifadhi ambako huruhusiwi hata kutia mshipi, kama mwamba wa Chumbe. Kabla hujaokota penginepo mbali na kwenu, muulize sheha au kamati ya wavuvi ya hapo. Chambo cha kuiba kinazaa kesi.

Nikija kwenye chambo hai.

Jirani yako ana haki kwa nguru, kolekole, mzia na chewa mkubwa. Kwa changu wa pima 10 amezidisha. Samaki anayekimbiza anahitaji kuona kitu kinachokimbia. Samaki anayenusa chini anahitaji harufu, na kibua mzima anayeruka ruka juu ya kichwa chake anamsumbua tu. Kwa hiyo uamuzi wa chambo hai unatoka kwa samaki unayemtaka, si kwa ukubwa wa chombo. Ngalawa inaweza. Tena ngalawa ni nzuri kuliko boti, haina kelele.

Mara yangu ya kwanza niliharibu vizuri kabisa. Nilivua vibua kumi na moja alfajiri, nikawatia wote kwenye ndoo moja ya lita 20, nikaiweka mbele ya mtumbwi, nikajisifu mwenyewe. Jua likatoka. Tulipofika tulikokuwa tunakwenda, vibua wote walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi, maji ya ndoo ya vuguvugu kama ya kuoshea vyombo. Ami akatia mkono ndani, akautoa, akasema, "Umewapikia?" Siku ile tulivua kwa maiti.

Kosa lilikuwa mambo matatu kwa pamoja: wengi, joto, na maji yale yale. Maji ya moto hayabebi hewa kama ya baridi, na samaki aliyeshtuka anavuta hewa zaidi kuliko aliyetulia. Siku hizi nafanya hivi. Nachukua dumu la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula (la petroli usilikaribie hata ulioshe mara ngapi), nalikata mdomo, nalitoboa mashimo mengi pembeni kwa msumari wa moto, mashimo yasipitishe kichwa cha kibua. Nalifunga kamba kwenye mrengu, ule mti unaotoka ubavuni mwa ngalawa, linaning'inia majini upande wa ndubi, ule ubao wa pembeni unaoelea, maji yanapita ndani yenyewe. Tukienda kwa kasi nalipandisha nusu ili wasipigwe na maji, na kila baada ya muda nabadilisha maji kwa kata. Humo siweki zaidi ya sita. Sita hai ni bora kuliko kumi na moja waliopikwa.

Kuwapata: vibua wanaumwa na ndoana ndogo ndogo tano au sita kwenye mshipi mmoja, kila moja imefungwa kipande cha unyoya mweupe au uzi unaong'aa. Unapandisha na kushusha taratibu karibu na juu, jua linapochomoza. Chuchunge utawapata ndani ya ziwa kwa ndoana ya kichembe na donge la unga. Mkizi nao ni wazuri na wagumu, wanavumilia dumu kuliko vibua, na wakikasirika wanajirukia wenyewe ngalawani, hasira za mkizi tijara ya mvuvi. Ila dagaa usijaribu kumbeba hai kwa ngalawa. Magamba yake yanatoka ukimgusa tu, na akishapoteza magamba amekwisha. Yeyote unayemshika, lowesha mkono kwanza. Mkono mkavu unamvua ute unaomkinga, na hataishi muda aliopaswa kuishi.

Kumtia ndoana: tazama mkondo na unachotaka afanye. Ukitaka kumvuta nyuma ya ngalawa inayokwenda, mchome midomo yote miwili, wa chini kwanza, utokee wa juu, mbele ya pua. Ataogelea ameelekea mbele, atavuta maji kwa matamvua kama kawaida. Ukiwa umetia nanga na unataka ajitenge na wewe, mchome mgongoni, nyuma kidogo ya mwiba wa mwanzo, juu kabisa. Hapo pana ngozi na mnofu tu. Ukishuka chini umegusa uti wa mgongo, na huyo utamzika. Ukimtaka azame kwa chewa, mchome karibu na mkia, naye atajitahidi kwenda chini, ukimwongezea chubwi ndogo. Ndoana isiwe nzito kuliko samaki anavyoweza kuibeba. Ukimwachia majini akaenda upande upande kama mlevi, ndoana ni kubwa.

Kisha kaa mkono mwepesi. Wengi hapa wanaharibu. Kibua akianza kutetemeka kwa nguvu mshipini, ameona kitu. Usivute. Kolekole na chewa wanampiga kwanza, wanamgeuza, wanameza kichwa kwanza. Achia mshipi pima moja mbili, uhisi unakwenda kwa mwendo mmoja, ndipo ukaze. Nguru ni tofauti, yeye anakata mkia wa kibua kwa pigo la kwanza na kuondoka, anakuachia kichwa kilichokatwa safi kama kwa kisu cha mchinjaji. Kwa nguru tia ndoana ya pili, ndogo, imeunganishwa na ya kwanza kwa kipande cha waya, ichomwe juu juu tu karibu na mkia. Na mbele ya ndoana zote waya wa shubiri mbili, bila ya waya unampa nguru ndoana bure. Vidole uvivishe mpira wa tyubu ya baskeli. Nguru akianza kukimbia na mshipi wa mkononi, hamwonei huruma mtu.

Kama vibua hawakupatikana, kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, kwa chuchunge aliyekufa kunafaa kwa nguru karibu sawa na hai, na kwa ngalawa yenye tanga huenda kunafaa zaidi, kwa sababu mwendo wa tanga unampa uhai. Siri ni mdomo. Mfunge mdomo kwa uzi, barabara, ndoana ya mbele ikiwa imetokea chini ya kidevu. Mdomo ukiwa wazi unachota maji na chuchunge anazunguka kama parafujo, mshipi wote unasokoteka, na hakuna nguru anayekula parafujo. Msimu wa kaskazi bahari ya kwenu ikitulia ndio wakati wa kujaribu. Kusi likipiga, baki ndani ya mwamba na kaa wako.

Mambo madogo mawili yaliyobaki. Kama siku moja utafunga mashine, usishike chambo kwa mkono uliogusa petroli. Sugua kwanza kwa mchanga mbichi na matumbo ya dagaa, kisha osha. Samaki ananusa vitu vidogo mno, na harufu ile haitoki kwa maji matupu. La pili, vichwa vya dagaa na masazo usivimwage hivi hivi, vitaelea na kuwapa ndege. Viponde, vichanganye na mchanga, ufinyange madonge, uyaachie upande mkondo unakotoka ili yafike chini ya ngalawa yako na si ya jirani. Huko nje mkondo mkuu unaelekea kaskazini karibu mwaka mzima, lakini kwenye milango ya mwamba unafuata kujaa na kupwa, kwa hiyo tupa kijiti utazame kwanza. Madonge mawili matatu kwa saa yanatosha. Ukiyazidisha wanashiba.

Usimtie bunju, yule samaki anayejifura kama puto, kwenye ndoana wala kwenye madonge. Sumu yake haitoki hata apikwe vipi, na matumbo yake yakibaki ngalawani kuna mtoto au paka atakayeyaokota.

Kwa wiki hii, basi, fanya hivi. Nunua nusu kilo ya dagaa badala ya kilo 2, uwatie chumvi, uwafunge uzi. Tafuta mikono miwili mitatu ya pweza iliyokatika. Okota kaa kumi. Shusha mishipi miwili, mmoja pweza, mmoja dagaa aliyefungwa, na samaki wa kwanza akipanda mpasue kabla hujamtia kapuni. Ukikuta magamba ya kaa, badilisha ule wa dagaa utie kaa. Ukikuta vijisamaki, endelea na dagaa. Pweza atakayebaki mrudishe chumvini angoje maji mafu mengine. Na vibua wakibaki hai kwenye dumu mpaka mnarudi, usiwaonee huruma ya kuwarudisha baharini. Wakaange kwa ndimu na pilipili, ule na muhogo.